Chaki Chini ya Rangi

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa habari ya magari, kituo chetu kizima hakikuwa na mpelelezi wa kunifikia. Nipe gari lolote, hata lililobaki mifupa mitupu, nilizunguke mara moja mikono ikiwa mfukoni, nami nitakwambia nani alilipenda, nani alilichoka na nani alilitumia kumdhuru mwenzake. Watu hudanganya. Chuma hakijawahi kunidanganya.

Hayo ndiyo niliyomwambia jirani aliyenifungulia geti asubuhi ile. Alikuwa mzee mkondefu, fulana imetoboka begani, na mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuzimika na hakuhitaji betri. Alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Ingia basi uzungumze nalo. Sisi tangu jana halitujibu."

Pikapu ilikaa katikati ya ua kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Mbele ilikuwa imenyanyuliwa juu ya springi mpya na matairi mapana yenye meno. Nyuma haikuwa na magurudumu, imekalia makalio yake juu ya udongo. Ubavuni ilipandishiwa bomba la kuvutia hewa mpaka juu ya paa, kana kwamba mwenyewe alitarajia gharika. Taa nne zilipangwa juu ya kichwa, nyaya zake zikining'inia. Kwenye nafasi ya kiti cha abiria kulikuwa na betri ya pili, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila kitu kilikuwa kizuri, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimekwisha.

Nyuma ya gari, sehemu moja ya udongo ilikuwa imemwagiwa mchanga. Redio hakunionyesha. Aliizunguka tu kila alipopita.

"Nani alikuwa anafanya kazi hii?" nikauliza.

"Ndugu wawili. Mkubwa ni karani idara ya maji, yule aliyeko hospitali. Tunamwita Bwana Kesho. Ukimwuliza pikapu inatoka lini, kesho. Bomba unafunga lini, kesho. Mchumba alimwuliza wanaoana lini, naye akaona heri aende na mtu wa leo."

"Na mdogo?"

"Mchomeleaji. Ana kibanda kule barabarani. Anaitwa Cheche."

"Kwa kazi au kwa tabia?"

"Kazi. Tabia yake ni maji ya mtungi." Redio akakuna shingo. "Ila juzi yalichemka."

Nikatoa kalamu. Mtu kama huyo humwulizi. Unamsogelea tu akiwa anatangaza.

Pikapu ilikuwa ya baba yao, akasema. Mzee alipofariki aliwaachia wote wawili, bila kusema usukani ni wa nani na matairi ni ya nani. Kwenye mlango wa nyuma wa bodi mzee alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa brashi, maneno *Haraka ya Nini*. Juzi Bwana Kesho aliukata ule mlango kwa mashine ya kukatia chuma ili aweke mwingine wa bomba, wa kisasa. Cheche alirudi kutoka kibandani akaukuta umelala chini.

"Ukuta wangu ni huu," Redio akasema. "Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikamsikia Cheche anasema, gari hili litakuua, kaka. Si mara moja. Nikajikata hapa."

Alinionyesha kidevu. Kweli kilikuwa na alama.

Nikapiga magoti kando ya chasisi. Jeki ya mafuta ilikuwa pale pale, imelala ubavu, na skrubu yake ya kushushia ilikuwa imefunguliwa. Niliijaribu kwa kalamu nisije nikaacha alama za vidole. Ilizunguka bila kugoma.

Basi, ikawa hivyo. Jeki haijifungui. Mtu akiwa chini ya gari mgongo umegusa ardhi hawezi kuifikia skrubu ile. Iko upande wa nje. Kuna mkono ulioifungua, na mkono huo ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa imelala chini imeandikwa *Haraka ya Nini*, au ilikuwepo mpaka juzi, maana mlango wenyewe sikuuona. Nilipiga simu. Cheche alikamatwa kwenye ukumbi wa hospitali, pembeni ya mama yake, akiwa peku kwa sababu alimfuata kaka yake kwenye gari la wagonjwa bila kukumbuka viatu.

Afande alifika nikiwa bado nimesimama nimejishika kiuno. Ni mwanamke mfupi, ana miwani na sauti ya mwalimu wa hesabu aliyekwisha kukata tamaa na darasa. Nilimweleza yote, jeki, skrubu, mlango, ugomvi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Redio.

"Baba, mlimtoaje?"

"Nani?"

"Aliyelaliwa na gari."

"Aah. Kwa jeki hiyo hiyo. Tulikuwa watu watano. Tukaipandisha, tukamvuta kwa miguu, pole pole. Halafu nikaona gari linayumba, na watoto wa mtaa huu hawana adabu, watapita chini. Nikaishusha."

"Uliishushaje?"

"Kwa kufungua hiyo skrubu, kwani kuna njia nyingine?" Redio akasema, akinishangaa mimi, si yeye. "Wewe hukuniuliza, mwanangu. Uliniuliza habari za Cheche tu."

Afande alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umeshamkamata mtu?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa skrubu."

"Na kwa maneno ya jirani, afande."

"Sawa." Aliinama kuangalia chini ya gari. "Mimi sijui magari. Nieleze wewe unayejua. Wakati jamaa yuko chini, gari lilishikwa na nini? Si jeki peke yake."

Hapo nilikuwa nyumbani kwetu. Nilimwonyesha stendi mbili, ile miguu mitatu ya chuma inayochukua uzito baada ya jeki. Moja ilikuwa imesimama. Nyingine ilikuwa vipande viwili: miguu upande mmoja, na shingo, kipande cha bomba cha kama shubiri mbili, kimeruka hadi kwenye ndoo za kufulia.

"Kwa nini ina shingo?"

"Ni kosa la wote wanaoinua magari nyumbani," nikasema. "Unanunua springi ndefu, unanunua matairi makubwa, unafurahi. Unasahau kwamba stendi zako ni zile zile za gari fupi. Ukipandisha gari, stendi hazifiki. Wengine huweka kigogo juu, wengine tofali. Hawa wana mchomeleaji ndani ya nyumba, kwa hiyo wakaziongezea bomba."

"Nani aliziongezea?"

"Mchomeleaji, afande. Cheche."

"Na kwa nini bomba limetoka?"

Niliigeuza ile miguu. Juu, pale shingo ilipokuwa, hapakuwa na mshono wa kuchomelea unaozunguka. Palikuwa na vidonge vitatu vidogo vya chuma, kila kimoja sawa na punje ya mahindi, vyote vimekatika. Ndivyo wachomeleaji wanavyofanya: kwanza wanashikiza, ili kitu kikae mahali pake, wanatazama kama kimenyooka, halafu ndipo wanazungusha mshono wenyewe. Kitu kilichoshikizwa kinaonekana kama kimekwisha. Kinabeba uzito wake mwenyewe na heshima kidogo. Hakibebi pikapu.

"Mtu angeona kwamba hazijamalizwa," afande akasema.

"Asingeona. Zimepakwa rangi."

Zote mbili zilikuwa nyeusi tii, rangi nzito ya brashi, imefunika punje na bomba pamoja. Afande akakiinua kile kipande cha bomba, akakileta karibu na miwani. Upande mmoja rangi ilikuwa imevimba. Aliigusa kwa ukucha. Ikabanduka kama gamba la kidonda, mstari mmoja mnyoofu, na mstari wa pili ukiukata wa kwanza. Chini yake palikuwa na unga mweupe.

Redio alisogea.

"Ah, huo msalaba wake huo."

"Msalaba wa nani?"

"Wa Cheche. Kazi yoyote ambayo hajaimaliza anaichorea msalaba kwa chaki. Maana yake usiguse. Geti langu aliliacha na msalaba wiki nzima, watu wakapita kunipa pole, wakadhani nimefiwa."

Nikaichukua stendi ya pili, ile iliyosimama. Nikakwaruza. Msalaba.

Afande alivifunga vipande vyote ndani ya gunia, kimoja kimoja, akiandika. Kisha akasimama mbele yangu. Nilimzidi urefu kwa kichwa kizima na haikunisaidia.

"Sikiliza. Anayepaka rangi juu ya chaki ya hatari ni mmoja kati ya wawili. Ama ana haraka na hajali, ama anajua kabisa chaki inasema nini na hataki mwenzake aisome. Akiwa mkubwa ndiye aliyepaka, alijiua mwenyewe kwa uzembe, na mdogo analala nyumbani leo. Akiwa mdogo, daktari ameniambia yule wa hospitali hafiki jioni, kwa hiyo kesho asubuhi mdogo anasimama mbele ya hakimu kwa mauaji. Hakuna katikati. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Nenda kamwulize swali moja: nani alipaka rangi. Moja. Usitie chumvi."

"Na wewe?"

"Mama yao. Baba hapa anasema hushinda uani. Kama kuna aliyeona, ni yeye."

"Hushinda pale," Redio akasema, akionyesha kigoda karibu na bomba la maji. "Anafua hata nguo safi."

*

Simu iliita nikiwa kwenye ngazi za kituo. Alikuwa muuguzi.

"Ni nyie mliotaka kuarifiwa? Yule mgonjwa wa mbavu amefariki sasa hivi."

"Ndugu zake wanajua?"

"Mama yake alikuwa hapa tangu jana. Ametoka kidogo, kasema anampelekea mtoto mwingine viatu. Mkimwona mwambieni arudi."

Nikasema sawa. Nikaweka simu mfukoni, nikaingia chumba cha mahojiano.

Cheche alikuwa mtu wa mwili mkubwa aliyekaa kama mdogo. Nyusi moja iliungua zamani ikakataa kuota tena, hivyo upande mmoja wa uso wake ulikuwa na mshangao wa kudumu. Miguu yake mitupu ilikuwa imekunjwa chini ya kiti.

"Kaka yuko vipi?" akauliza kabla sijavuta kiti.

Kuna njia nyingi za kumwuliza mtu swali moja. Ukimwuliza waziwazi atakujibu anavyotaka. Ukimfanya aamini kwamba jibu unalo tayari, anabaki na kazi ya kukubali tu. Ni sawa na kuvua samaki ambaye umeshamwambia yuko kwenye kikaango.

"Ameamka," nikasema. "Amekunywa maji. Anaongea."

Cheche alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega yakipanda na kushuka. Alijifuta uso kwa kiganja na masizi yakaenea hadi sikioni.

"Anaongea," akasema. "Kaka huyo. Lazima ameuliza habari za pikapu."

"Ameuliza habari zako."

"Amesemaje?"

"Amezungumzia stendi." Nilifungua karatasi taratibu. "Amesema nani alizipaka rangi."

Kicheko kilikwisha. Akasubiri. Mimi nami nikasubiri. Kwa kusubiri sina haraka, nalipwa mwisho wa mwezi.

"Amesema nani?"

"Amesema ni wewe."

"Kaka amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Aliangalia meza. Kulikuwa na kovu la sigara juu ya mbao na alilipitishia kidole, kama mtu anayepima kama mshono umenyooka.

"Basi ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyepaka. Kama kaka amesema ni mimi, ni mimi. Andika."

Niliandika.

"Ulipaka lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Yeye amesema saa ngapi?"

"Nakuuliza wewe."

"Mchana, basi."

"Ulijua stendi hazijamalizwa kuchomelewa?"

"Nilijua. Nilizishikiza mwenyewe. Vijiti vya kuchomelea viliniishia."

"Chaki uliifuta kwanza?"

"Niliifuta." Hapa alinitazama kidogo, kama fundi anavyomtazama mteja. "Nani anapaka rangi juu ya chaki? Haishiki."

"Halafu ukamwachia kaka yako aziweke chini ya gari."

Aliivuta miguu yake ndani zaidi chini ya kiti.

"Kama ndivyo alivyosema."

"Ndiyo au hapana?"

"Afande, yule ni kaka yangu. Baba alipokufa yeye ndiye aliyenipeleka kujifunza kazi. Siwezi kukaa hapa nikasema kaka ni mwongo, naye yuko kitandani mbavu zimevunjika. Kama ndivyo alivyosema, ndivyo ilivyo. Tutaelewana akitoka."

Nikaandika: *ndiyo*. Nilimsogezea karatasi. Alitia saini kwa herufi kubwa kubwa, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo.

"Mwambie springi za nyuma zimebaki boliti tu," akasema. "Asiguse mpaka nirudi. Na ule mlango wa baba sijauza. Nimeuweka kibandani. Nilikuwa nataka nimfanyie benchi, aweke hapo uani. Ningemwambia."

"Nitamwambia," nikasema.

Nilitoka nikipiga mluzi. Swali moja, jibu moja, saini moja. Skrubu ya jeki ilikwishasahaulika.

*

Baada ya kama saa mbili afande alikuwa amerudi ofisini kwake, na pembeni yake, kwenye kiti cha wageni, alikaa mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa kichwani vizuri mno, kila mkunjo mahali pake. Mapajani alikuwa na shati la kiume, jeupe, limekunjwa. Alikuwa hatazami mtu.

Niliweka maelezo mezani.

"Amekiri, afande."

"Kaa," afande akasema. "Huyu ni mama yao. Nimemkuta hospitali."

"Shikamoo, mama. Pole sana."

Mama alikuwa ameangalia dirisha. Aliposikia sauti yangu aligeuza kichwa, taratibu, akanitazama mdomo.

"Marahaba," akasema.

Afande alisoma karatasi yangu mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa kidole.

"Alikiri haraka."

"Nilimwuliza kwa upole, afande."

"Anasema aliifuta chaki."

"Ndiyo."

"Aliifuta, halafu akapaka." Akainua macho. "Gunia liko pale kwenye kona. Leo asubuhi nilibandua rangi kwa ukucha wangu, nikakuta msalaba mzima. Iwapo aliifuta, ile niliyoikuta alichora nani? Mzimu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilisema, "Labda hakumbuki vizuri, afande. Alikuwa na wasiwasi."

"Mchomeleaji hakumbuki chaki yake." Alirudisha karatasi mezani. "Huyu mtu hakupaka rangi. Anaeleza jinsi yeye angepaka. Mama, nisamehe, najua leo si siku ya kukuuliza kitu. Jana, nani alipaka zile stendi?"

"Marehemu," mama akasema. Neno lilimkwama kidogo, kama ndiyo mara ya kwanza kulitumia. "Nilikuwa nafua. Mdogo aliishiwa na vile vijiti vyake, akaondoka kwenda kuvichukua kibandani. Alimwambia kaka yake, usiziguse mpaka nirudi. Nami nikasikia. Hajafika hata kona, mkubwa akachukua brashi. Nikamwambia, wewe, si umeambiwa usubiri? Akaniambia, mama, napaka tu, rangi ianze kukauka, maana huyu akirudi ataleta mambo ya kesho kesho." Aligeukia dirisha. "Wote walimtania kwa lile neno. Siku moja akataka kitu kiishe leo. Nikainama kukamua shuka. Nikasikia jeki inapanda. Nikasema nikimaliza shuka hili nitamkemea."

Alilinyoosha shati mapajani, ingawa halikuwa na kunyanzi.

Mimi nilikuwa na karatasi yenye saini, na karatasi yenye saini haiachwi hivi hivi.

"Mama, tunakuelewa," nikasema. "Mtoto mmoja umempoteza. Mzazi yeyote angejitahidi kumwokoa aliyebaki. Lakini mwanao mwenyewe amesema, bila kupigwa, bila kutishwa, kwamba ni yeye."

"Alisema baada ya wewe kumwambia nini?" mama akauliza.

"Nilimwuliza tu nani alipaka rangi."

Afande alikuwa amerudia karatasi. Kidole chake kilisimama.

"Humu ndani kuna jambo silielewi. 'Kama ndivyo alivyosema.' Limerudiwa. Umeliandika wewe mwenyewe. Nani alisema nini?"

"Ni namna yake ya kuongea, afande. Watu wengine wana msemo wao, wanaurudia."

"Si namna yake," mama akasema.

"Mama, ukiwa na majonzi..."

"Mdogo huyu hajawahi kumpinga kaka yake. Tangu utoto. Kaka akivunja kikombe akasema ni mdogo, mdogo anakuja kuchukua kiboko. Mimi nilikuwa nawajua, nampiga mkubwa." Alisema bila kupandisha sauti. "Umemwambia kaka yake amemtaja."

"Kaka yake alikuwa amekufa," afande akasema. "Muuguzi ameniambia alipiga simu mara tu ilipotokea. Mahojiano yalikuwa baada ya hapo."

"Ndiyo maana nataka aulizwe huyu kijana," mama akasema.

"Afande, huyu mama hakuwepo chumbani," nikasema. "Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa."

"Sikuwa chumbani," mama akakubali. "Nilikuwa kwenye benchi lenu, nje ya ukuta. Nimeleta viatu. Ukuta wenu ni wa mbao."

"Basi huenda ulisikia vibaya. Ule ukumbi una kelele, askari wanapita, redio za mkononi..."

"Alikuuliza kaka yuko vipi. Ukasema ameamka. Ukasema amekunywa maji. Ukasema anaongea." Aliyasema kwa mpangilio ule ule, na kwa kituo kile kile kati ya moja na jingine, mpaka nikasikia sauti yangu ndani ya yake. "Nilimsikia mwanangu anacheka. Sikungoja mengine. Nilimwachia askari viatu, nikapita nyumbani kuchukua shati. Nikatafuta la vifungo, kwa sababu mbavu zimevunjika, asingeweza kuinua mikono kuvaa fulana. Nililipiga pasi. Niliingia wodini nacheka, nawasalimia hata nisiowajua. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Muuguzi akaniuliza, mama, nani amekwambia ulete shati?"

Afande alivua miwani. Hakuifuta.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Afande, ni mbinu ya kawaida ya..."

"Nimekuuliza ulijua, kabla hujafungua ule mlango?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliweka mkono juu yake, nikautoa.

"Ndiyo."

Afande aliichukua karatasi yenye saini, akaipasua mara mbili, akaiweka ndani ya gunia pamoja na stendi. Kisha akaninyooshea kiganja, na kwa sekunde chache sikuelewa anataka nini, mpaka nikavua kitambulisho changu nikampa.

"Nitamtoa mwanao sasa hivi, mama," akasema.

"Ngoja," mama akasema. Alikuwa amesimama, shati limebanwa kwapani. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Sikuwa nimeliona hilo akiwa amekaa. "Huko ndani mdogo wake bado anafikiri kaka yake anaongea. Anapanga maneno ya kumwambia."

Alinifungulia mlango wa ofisi kwa mkono wake mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyemfufua. Nenda ukamwambie amekufa. Mimi nitakaa pale pale kwenye benchi, nisikie kama safari hii utasema sawasawa."